W ya Waziri

Ilikuwako nchi moja iliyoitwa Pembeni. Msomaji akihisi anaijua, amekosea, kwa kuwa serikali ya huko ilishakanusha kufanana na nchi yoyote. Ilikuwa nchi yenye amani tele, amani iliyolindwa na askari wenye bunduki katika kila njia panda. Mwenye nchi alikuwa Mfalme aliyekaa ng'ambo. Hakuwahi kukanyaga Pembeni, lakini aliipenda sana kwenye ramani.

Mfalme huyo alikuwa na binamu yake, naye mfalme. Siku moja walialikwa karamu moja, wakafika mlangoni kwa wakati mmoja, na kila mmoja akaona ni haki yake kutangulia. Walioshuhudia wanasema waligongana mabega. Wiki tatu baadaye viwanda vyote vya ng'ambo viliacha kutengeneza masufuria na baisikeli vikaanza kutengeneza mabomu. Wiki ya nne ikaja simu ya maandishi Pembeni kuwaarifu wananchi kwamba wamekasirika.

"Tumekasirika na nani?" aliuliza Mwinjuma Tandika, simu ikiwa mkononi.

"Haijasemwa," alijibu tarishi aliyeileta. "Imesemwa kiasi tu. Tumekasirika sana."

Mwinjuma alikuwa mpanga herufi katika Kiwanda cha Chapa cha Serikali. Kazi yake ilikuwa kuokota herufi za risasi moja moja kutoka kwenye visanduku vya mbao na kuzipanga kinyumenyume, mstari kwa mstari, hadi zitoe gazeti, waraka au hukumu. Miaka ishirini na miwili ya kazi hiyo ilimfanya asome kinyume upesi kuliko wengine wanavyosoma sawasawa. Alikuwa mtu mpole, mwenye vidole vyeusi, asiyependa makosa.

Herufi zenyewe zilitoka ng'ambo, zikiwa zimekadiriwa kwa lugha ya huko. Hivyo Pembeni ilikuwa na X za kutosha kujengea banda, na Q ambazo hazijaguswa tangu zishushwe melini, lakini W zilikuwa mia mbili na kumi tu. Nayo lugha ya Pembeni bila W haitembei. Huwezi kusema watu, wala wazazi, wala wewe, wala sisi wote. Wakati wa amani zilitosha, maana serikali haikuwa na mengi ya kusema kuhusu watu.

*

Waziri wa Uchukuzi na Ushindi, Mheshimiwa Kasimiri Belenge, aliuhutubia umma kwenye uwanja wa gwaride. Alikuwa mtu mnene wa sauti, na alipenda kuuliza maswali ambayo majibu yake alikuwa nayo mfukoni.

"Ndugu wananchi! Vita vya leo si vya mikuki. Ni vita vya mashine! Mzinga mmoja wa Mfalme wetu una uzito wa tembo wanne. Unapiga maili saba. Una darubini. Una kila kitu isipokuwa miguu. Na ninyi, ndugu zangu, mna nini?"

Wananchi wakatazama mikono yao.

"Mna miguu!"

Askari walianza kupiga makofi, na wananchi wakaona ni vizuri wasibaki nyuma.

Ndivyo walivyopatikana wapagazi. Reli ya Pembeni iliishia maili thelathini tu kutoka mjini, malori yalizama kwenye matope, na ng'ombe wa kukokota waliumwa na mbung'o wakafa wote. Basi vita vya mashine vikapanda vichwani mwa watu. Mzinga ulifunguliwa vipandevipande ukabebwa, na mabomu yakabebwa, na nyaya za miiba zikabebwa. Beseni la bati la kuogea la Jenerali nalo lilibebwa na watu sita, kwa kuwa Jenerali hakuweza kufikiri bila kuoga.

Wataalamu wa Wizara walikaa wakatambua jambo la kusikitisha. Mpagazi anakula. Anayebeba unga kwenda mstari wa mbele huula njiani, kwa hiyo nyuma yake lazima afuate wa kumbebea unga wake, naye huyo anakula. Walipomaliza kukadiria waliona kwamba kila kibaba cha unga kinachomfikia askari kimetanguliwa na watu kumi na saba wenye njaa. Waziri aliposoma taarifa hiyo aliomba itafutwe njia ya kuwafanya watu kumi na saba hao wasiwepo, ila mizigo yao iwepo.

Kila Ijumaa gazeti la serikali, *Sauti ya Utulivu*, lilitoa Habari za Vita. Ijumaa ya kwanza Mwinjuma alipanga: wapagazi wawili wamekufa. Ijumaa ya pili, wapagazi arobaini wamekufa. Kufikia mwezi wa nne alikuwa akifungua kisanduku cha W na kuona ubao wa chini.

Kisha ikaja habari ya Bonde la Kitunda. Wapagazi mia nne waliokuwa wakilivuka wamekufa, wengi wao kwa njaa, wengine kwa kuwa hawakupewa mablanketi. Kurasa nyingine zilikuwa tayari zimejaa hotuba za Waziri, zilizokula W karibu zote. Mwinjuma alifika katikati ya sentensi akatia kidole kisandukuni, akagusa vumbi. Alikipindua akakigongagonga. Hakikutoa kitu.

Saa sita gazeti lilitakiwa mitaani. Kisanduku cha V kilikuwa jirani, kimejaa pomoni. Mwinjuma alisimama kidogo, kisha akarudi mwanzo wa sentensi, akaing'oa, akapanga upya:

*Vipagazi mia nne vilivyovuka Bonde la Kitunda vimeharibika. Sababu: njaa na baridi.*

Aliisoma kinyumenyume. Haikuwa na W hata moja. Hata neno dogo kama "kwa" alikuwa amelikwepa. Aliona haya, akajiambia ni ya wiki moja tu, na Ijumaa ijayo atawarudisha watu kwenye utu wao.

*

Jumamosi asubuhi askari wawili walimfuata. Mwinjuma aliwaaga wenzake mmoja mmoja, akavua aproni yake, akaikunja vizuri kwa ajili ya atakayerithi.

Ofisini kwa Waziri gazeti lilikuwa wazi juu ya meza. Kwenye kiti cha pembeni alikaa mtu mwembamba, Bwana Othuman Ketebe, aliyekuwa mwalimu wa sarufi kwa miaka arobaini na aliyewahi kumchapa kila ofisa wa Pembeni, akiwemo Waziri.

"Nani ameandika hivi?" Waziri aliuliza.

"Ni mimi, Mheshimiwa. Nisamehe. W zilikwisha."

"Zilikwisha?"

"Zilikwisha, Mheshimiwa."

Waziri aliinuka, akaizunguka meza, akamkumbatia hadi miguu yake ikaacha kugusa sakafu. "Unajua umefanya nini wewe? Miezi minne Mfalme ananiandikia barua, kwa nini watu wako wanakufa mno? Jana nimelisoma gazeti langu, nikanywa chai yangu yote. Hakuna aliyekufa! Nimelisoma mara mbili. Hakuna hata mmoja!"

"Vimeharibika," alisema Bwana Ketebe, akilionja neno. "Ngeli ya KI-VI. Upatanisho wake hauna dosari. Ila kuna swali, Mheshimiwa. Kiongozi naye ana ki-."

Waziri alibadilika uso. "Una maana gani?"

"Kiongozi, viongozi. Raia anaweza kuuliza."

"Raia akiuliza mwambie ki- ya kiongozi ni ya heshima. Ki- ya kipagazi ni ya kazi."

Bwana Ketebe aliiandika kanuni hiyo pale pale. Wiki hiyo ikaundwa Idara ya Ngeli, yeye akiwa Mkuu wake, na Mwinjuma akavishwa Nishani ya Upatanisho wa Kisarufi, Daraja la Pili. Daraja la Kwanza alivishwa Waziri.

Mambo yakaenda upesi baada ya hapo. Waraka wa kwanza ulieleza kwamba vipagazi haviugui, huharibika, na havitoroki, hupotea. Wa pili ulieleza kwamba vipagazi havili, hutiwa unga panapobidi, na viatu havivihusu. Hapo ndipo wale kumi na saba wa kila kibaba walipotoweka katika taarifa zote, na wataalamu wakapongezana kwa kushikana mikono. Mwinjuma alipendekeza W ziundwe kwa kubana V mbili, au kwa kupindua M. Idara ilimjibu kwa barua kwamba hizo ni W za magendo na mwenye kukutwa nazo atashtakiwa.

Alizipanga nyaraka zote hizo kwa mkono wake, nishani ikigongagonga kifuani. Alipokuwa akirudi nyumbani jioni watu walimsalimia kwa adabu kubwa kuliko zamani, na hakuna aliyesimama kuzungumza naye.

*

Mdogo wake Mwinjuma alikuwa kinyozi, jina lake Kibwana, mtu wa maneno mengi na shingo nene. Shingo ndiyo iliyomponza. Jumanne moja askari waliingia kinyozini wakamchukua wembe ukiwa mkononi, na mteja aliyekuwa kitini akaenda zake na ndevu za upande mmoja. Wiki ile ile walimchukua na huyo mteja.

Mwinjuma alikimbia hadi Idara ya Ngeli, nishani kifuani.

"Ni ndugu yangu, Bwana Ketebe. Tumbo moja. Ana mke."

"Jina lake?"

"Kibwana. Kibwana Tandika."

Bwana Ketebe aliweka kalamu chini akamtazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyekaribia jibu. "Wingi wake?"

"Wingi wa nini?"

"Wa Kibwana."

"Hana wingi," Mwinjuma alisema. "Ni mmoja tu."

"Vibwana," alisema Bwana Ketebe kwa upole. "Umeona? Jina lenyewe limekuja limeshajipanga."

Stesheni alimkuta Kibwana kwenye foleni, bati lenye nambari 8114 likining'inia shingoni. Alikuwa amepangiwa gurudumu la kushoto la mzinga. Mkewe, Siwema, alikuwa amemletea mkate wa kumimina kwenye kitambaa, na askari alikuwa akimwelewesha kwamba kilichomo kwenye foleni hakili.

"Kaka, usilie bwana," Kibwana alisema. "Watu watasema unalilia gurudumu." Alicheka mwenyewe, kisha akaacha kucheka. "Nikifa niandike nimekufa. Usiniandike nimeharibika. Mimi si cherahani. Huyu Siwema atamkalia nani eda, cherahani?"

"Nitakuandika," Mwinjuma alisema.

"Apa."

Mwinjuma aliapa. Firimbi ikalia, na karani wa stesheni akatangaza kwamba vipagazi mia tatu vinaondoka.

*

Mwaka wa pili risasi za bunduki zilipungua, na Wizara ikakumbuka kwamba herufi nazo ni risasi. Ikaamriwa zianze kuyeyushwa zisizo na umuhimu. Mtu yeyote angedhani zitaanza Q na X. Zilianza W. Mwinjuma mwenyewe alizibeba hadi tanuri, zote mia mbili na tisa, akaziona zikilegea na kuwa maji. Baadaye alifikiri kwamba kila moja ilikwenda kuua mtu, na alifikiri hivyo kila siku.

Ya mia mbili na kumi ilibakizwa, kwa sababu bila hiyo Waziri asingeandikika. Iliwekwa kwenye kisanduku chenye mahameli, askari wa kuilinda akalala nayo, na ikawa inaletwa kiwandani mara moja kwa wiki, inapachikwa penye jina la Mheshimiwa, inachapwa, inafutwa wino na kurudishwa. Watu waliiita W ya Waziri. Kwingineko kokote ambako W haikuepukika, kama kwenye majina ya raia, sheria iliagiza V. Mwinjuma akawa Mvinjuma hata kwenye nishani yake. Na kwa kuwa hata "kuwa" lina W, haikuwezekana tena kuandika kwamba mtu fulani alikuwa.

Pembeni ikabadilika. Kinyozini sasa alinyoa Siwema, na wanyolewaji walikuwa wazee, vilema na viongozi. Wanawake ndio waliotengeneza barabara, waliokata kuni za treni, waliosimama kwenye tanuri. Shuleni watoto walichapwa kwa kusema baba ameondoka, hadi wakajua kusema kimeondoka bila kufikiri. Lakini lililomtisha Mwinjuma kuliko yote lilikuwa jingine. Alilisikia sokoni, kwa mama mmoja muuza bamia, akimwambia mwenzake kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Changu kilipelekwa mwezi wa saba. Chako je?"

"Changu kimepotea."

Hakukuwa na askari karibu. Hakuna aliyewalazimisha.

*

Karatasi ya Siwema ilifika na posta ya Alhamisi. Ilikuwa fupi, na Mwinjuma alizitambua herufi zake kwa kuwa ndiye aliyeipanga fomu yenyewe, akiacha nafasi ya nambari na ya mzigo.

*Kipagazi 8114 kimeharibika. Gurudumu liko salama.*

Siwema aliipeleka kwa Kadhi. Kadhi wa Pembeni alikuwa mtu mwema aliyekuwa na hofu, kama watu wema wengi wa nchi hiyo. Aliisoma, akaigeuza nyuma, akairudisha. Eda ni ya mume, alisema, na humu ndani hamna mume. Yeye si mke tena, na bado si mjane. Hawezi kuomboleza, hawezi kuolewa, hawezi kurithi hata wembe. "Niletee karatasi ya chapa ya serikali inayosema alikuwa mtu, tena kwa W halali," alisema huku akitazama mlango, "nami nitakuandikia eda leo hii."

Ndipo Siwema akaja kiwandani. Alisimama mbele ya meza ya visanduku, kanga imefungwa vizuri, macho makavu.

"Shemeji, neno hili ulilianza wewe."

"Ni mimi," Mwinjuma alisema.

"Sikuja kukulaumu. Nimelaumu nimechoka. Nimekuja unipangie herufi."

Mwinjuma hakulala vizuri mwezi mzima. Alikuwa na kila kitu isipokuwa herufi moja. "Amekufa" aliweza kupanga hata asubuhi hiyo, maana mtu mmoja hahitaji W ili afe. Ni wengi ndio wanaoihitaji. Ila "alikuwa" hakuliweza. Na Kadhi hakutaka kujua kama Kibwana amekufa. Alitaka kujua kama alikuwa.

*

Mara amani ikatangazwa. Wafalme wawili walikubaliana kupanua mlango ule ili wapite pamoja, na gharama ya upanuzi wakaitupia Pembeni. Waziri akaagiza Tangazo la Ushindi, karatasi elfu tano, lisomwe uwanjani saa kumi alasiri. W ikaletwa kiwandani tangu saa tano, na kwa vile kazi ilikuwa kubwa ikaruhusiwa kushinda hapo.

Bendi ilipoanza kupiga huko uwanjani, askari wa kuilinda alikuwa na miguu isiyotulia.

"Mzee, wewe una nishani," alimwambia Mwinjuma. "Mwenye nishani haibi. Nikachungulie bendi kidogo?"

"Kachungulie, mwanangu."

Mwinjuma aliufungua mlango wa nyuma, na Siwema akaingia. Mwinjuma aliitoa W kwenye mahameli. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyoikumbuka. Aliipachika kwenye "alikuwa", kwenye jina akabana V mbili, akaupaka mstari wino, akalaza karatasi yenye muhuri wa serikali, akakandamiza.

KIBWANA TANDIKA ALIKUWA MTU. AMEKUFA.

Siwema aliisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, na alipofika kwenye W ya "alikuwa" alikiacha kidole pale. Kisha akalia, kilio kilichokuwa kikimngoja tangu Alhamisi ile, na Mwinjuma akalia naye akiwa ameshika mashine. Alipojifuta uso alikuwa tayari kuirudisha herufi ndani ya mahameli. Siwema alikuwa ameshatoka nje. Alirudi na mama muuza bamia.

"Na wake," Siwema alisema.

"Anaitwa nani?" Mwinjuma aliuliza.

Yule mama alifungua mdomo, na ilimchukua muda kulipata jina. Alikuwa hajalitaja mwaka mzima. "Pazi," alisema. "Pazi Mlangwa. Lina W? Kama lina W basi, acha."

"Litajipenyeza," Mwinjuma alisema, na mbele ya muhuri wa serikali akabana tena V mbili pamoja.

Neno "alikuwa" lilibaki mahali pake na W yake halali. Alibadilisha jina tu. Walikuja kwa mlango wa nyuma mmoja mmoja, wengine kutoka kwenye tanuri, masizi usoni, kila mmoja akatoka na karatasi moja ndani ya kanga. Hawakupiga kelele. Majina yalikuwa tisini na matatu saa kumi ilipogonga, na askari akarudi mbio akidai Tangazo. Wengine husema Mwinjuma alisahau kuihamishia ile herufi kwenye Tangazo. Ukweli ni kwamba herufi ilikuwa na kazi.

Uwanjani Mheshimiwa Belenge alifungua karatasi yake akaisoma kwa sauti kuu, kwa kuwa alikuwa msomaji wa kila kilichoandikwa: "Mimi, aziri Belenge, nimeshinda!"

Kuaziri, kwa lugha ya huko, ni kufedhehesha. Bendi iliendelea kidogo, kisha ikaacha.

*

Kesi ya Mwinjuma ilidumu miezi minne na siku kumi, kwa sababu Idara haikuwa na kifungu cha sheria kwa mtu aliyeitumia W ya Waziri kwa watu. Muda huo huo, siku kwa siku, wanawake tisini na watatu walikaa ndani wamejitanda, wakimaliza eda walizoandikiwa na Kadhi. Mji ulinyamaza hata viongozi wakaanza kutembea kwa makundi.

Hukumu aliisoma Bwana Ketebe, kwa huzuni ya kweli, maana aliwapenda watu wa kazi safi. Nishani ilirudishwa. Mshtakiwa alihamishwa ngeli. Tangu siku hiyo hakuwa mpanga herufi. Kilikuwa kipanga herufi, nambari 30226. Kazi ilikuwepo tayari, kwa vile wafalme wawili, baada ya kupita pamoja kwenye mlango mpana, walikuwa wamekosana tena juu ya nani atangulie kutoka. Mizinga mipya ilikuwa mizito mara tatu.

Asubuhi ya treni, wanawake waliotoka eda walikuja stesheni. Mwinjuma alikuwa kwenye behewa la wazi, bati shingoni, vidole bado vyeusi. Alimwona Siwema akajaribu kutabasamu, haikuwezekana. Treni ikajikokota. Karani akatangaza kwamba kinakwenda.

"Anakwenda," alisema Siwema.

Hakupaza sauti, lakini behewa zima lilisikia. Askari akamgeukia. "Umesemaje?"

"Nimesema anakwenda. Ni shemeji yangu, kaka yake marehemu mume wangu. Anakwenda."

Askari alitoa daftari. "Jina lako?"

"Siwema."

Askari aliliandika kama sheria inavyotaka, kwa V. Akahamia kwa wa pili.

"Na wewe?"

"Anakwenda," alisema muuza bamia.

"Nauliza jina!"

"Siwema."

Wa tatu naye alisema anakwenda, na jina lake Siwema. Askari aliandika hadi risasi ya kalamu ikaisha, akaazima nyingine. Treni ilikuwa imeshapotea kwenye kona alipofika jina la tisini na tatu.

Taarifa ilimfikia Waziri kabla ya chakula cha mchana. Aliisoma kama alivyosoma kila kitu, kwa sauti.

"Taarifa ya maneno ya uchochezi stesheni. Si vema. Si vema. Si vema." Aligeuza ukurasa. "Si vema. Si vema." Akanyanyua macho. "Ketebe, haya ni majina au ni maoni?"

Bwana Ketebe aliichukua taarifa, akaivalia miwani, akaivulia miwani. "Bila W, Mheshimiwa, haiwezekani kujua."

Waziri alisukuma kikombe kando. Chai yake ilikuwa haijaguswa.

"Yeyusha na V," alisema hatimaye. "Zote. Andika waraka, uchapwe leo hii."

Bwana Ketebe alibaki amesimama.

"Unangoja nini?"

"Wa kuupanga, Mheshimiwa. Alikuwa amebaki mmoja tu aliyeijua kazi."

"Basi aitwe! Yuko wapi?"

Bwana Ketebe alikuwa amefundisha miaka arobaini, na hakuwahi kuliacha kosa lipite.

"Kiko, Mheshimiwa," alisema. "Kiko kwenye treni."